Jora la Kitambaa Cheusi

Kariakoo, 12 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, na baba mdogo Rogath mzima, dukani ni vitambaa na kelele tu.

Mama, mchungaji ananishikia nafasi ya chuo cha theolojia hadi mwisho wa Machi, nami sijui kama naitwa na Mungu au naitwa na wewe. Usikasirike. Nilifanya kama Gideoni na ngozi yake. Nilisali: mteja wa kwanza kesho akitaka kitambaa cheusi, cha joho la mchungaji, nitaenda. Akaja Ismail, jirani yetu wa mabegi, akataka cheusi! Moyo ulinilipuka. Kumbe cha buibui la mkewe. Sasa hiyo ni ishara au siyo?

Tangu utoto naambiwa uliniwekea nadhiri nilipougua. Siku ile ulisema maneno gani hasa?

Mwanao,
Anaeli

Machame, 25 Februari

Anaeli mwanangu,

Marahaba. Amina. Goti linalalamika, lakini kanisani linafika. Barua hii naiweka juu ya ndizi ninazowatumia, baba yako mdogo asiseme namtumia maneno matupu.

Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza. Wewe unamtegea Mungu mtego dukani!

Ulikuwa mchanga, pumzi inakatika. Nilisema: “Bwana, ukimponya, awe mtu ambaye mwenye mzigo akimwona anapumua.” Basi. Uchungaji aliuongeza bibi yako siku ya shukrani, kanisa zima likapiga makofi, ikawa hivyo.

Ukibaki dukani, hujavunja nadhiri yangu. Ila natamani kukuona madhabahuni, nikikana nitakuwa mwongo.

Mama yako

Machame, 24 Machi

Mwanangu,

Hamjambo huko? Mbona kimya? Leo Jumapili ya Mitende nimeshika tawi langu nikiwaza labda nimekuumiza. Sikulazimishi. Nijulishe tu, nijue naomba nini.

Mama yako

Kariakoo, 30 Machi

Mama,

Shikamoo, na unisamehe. Barua yako ilinifungua. Kumbe niko huru! Nikawa nauza huku naimba. Kisha nikashangaa: mbona bado nafungua Biblia mchana wenzangu wakila? Mbona nikishapima kitambaa namuuliza mteja hali ya mgonjwa wake? Hakuna anayenisukuma tena, na miguu inaelekea kule kule. Nilinyamaza nione kama hamu hiyo itapita. Haikupita. Jana, Ijumaa Kuu, nilimwambia mchungaji naenda.

Nadhiri yako nimeifanya yangu, neno kwa neno. Ya bibi nimemwachia bibi.

Kitambaa cha joho kimetoka kwenye jora lile lile la mke wa Ismail. Baba mdogo alikataa kunipunguzia bei, kisha akaninyang'anya mkasi akate mwenyewe. Mama, ameuza vitambaa maisha yake yote, lakini kile kilimwendea mshazari, machozi yakimziba macho.

Mwanao,
Anaeli