Kuanguka kwa Makokha

Nyumba za Landhi ya Reli, Nakuru
3 Machi 1957

Mpendwa Mama,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, sijui wewe na mgongo wako. Ile picha niliyocheza, "Karani Mpya", imeonyeshwa uwanja wa reli na gazeti limeandika! Nimekukatia kipande: "Mbwa wa sinema hii hajui kazi yake, na mwisho umevutwa mno. Lakini Makokha! Anaanguka mara kumi na moja, na kila akianguka watu wote wanasimama. Nchi hii haijapata kijana wa kuanguka kama yeye."

Tafadhali msomee babake Nanyama, ajue anamwoza binti yake kwa mtu mwenye jina.

Mwanao,
Makokha

Kimilili
19 Machi 1957

Mwanangu,

Nakusalimu kwa machozi. Mgongo ni ule ule, wacha huo. Tangu lini unaanguka? Kwetu hakuna mwenye kifafa, na kwa marehemu baba yako hakuna. Nilimsomea babake Nanyama mbele ya wazee wa kanisa. Nilipofika "mara kumi na moja" akaninyang'anya karatasi, akamalizia mwenyewe. Amesema harusi isimame, maana siku moja utaangukia moto na binti yake yuko shambani. Nanyama hali chakula.

Na hao watu wa Nakuru, wanasimama tu na kukupiga picha? Hakuna hata mmoja wa kukushika? Nakutumia mizizi. Chemsha, unywe asubuhi.

Mama yako

Nakuru
27 Machi 1957

Mpendwa Mama,

Pole sana. Mimi ni mzima, mzima kabisa! Naanguka kwa kupenda. Ni mchezo: karani amebeba trei ya mayai ya mkubwa wake, anakanyaga sabuni, anaingia kichwa kwanza kwenye pipa la chokaa. Nilicheka kusoma barua yako, halafu nikaacha. Bila Nanyama, hilo jina nitalipeleka wapi?

Likizo nimenyimwa. Lakini Kemboi, dereva wa gari la sinema, ataionyesha picha hiyo soko la Kimilili Jumamosi tarehe 27 Aprili. Mfikishe mzee pale kwa njia yoyote, aone mwenyewe.

Mwanao,
Makokha

(Mizizi nimeinywa. Ni michungu!)

Kimilili
29 Aprili 1957

Mwanangu Makokha,

Hujambo? Sisi mbavu zinatuuma. Ulipoanguka mara ya kwanza niliruka nikipiga kelele, "Mshikeni!" nikakimbilia lile shuka jeupe walilotundika la kuonyeshea picha. Kemboi akanirudisha kwenye benchi. Babake Nanyama alikuwa amekunja mikono na uso. Yai la kwanza lilipovunjika akakohoa. Ulipotoka kwenye pipa ukiwa mweupe hivyo, na bado unamsalimia mkubwa wako, alicheka mpaka akaanguka yeye na benchi. Nanyama akamwambia, "Baba, na wewe pia?" Harusi ni Agosti.

Mwenye gazeti anajua kazi yake, na kuhusu mbwa amesema kweli. Ila hesabu amekosea. Nimehesabu kumi na mbili. Ile ya mwisho, pale mlangoni, watu walicheka kuliko zote. Mimi sikucheka. Uliangukia goti la kushoto, ukauma mdomo kama ulivyokuwa ukifanya ukiwa mdogo. Hiyo haikuwa mchezo.

Njoo nilikande hilo goti.

Mama yako