Maneno Niliyomtia Mdoli Kinywani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na tafadhali usiisome barua hii redioni kwa ile sauti yako ya kuigiza, kwa sababu mimi hata darasani mwalimu akiniuliza swali najifanya nimeangusha kalamu.

Nina miaka kumi na sita na naishi kwa mjomba, ambaye kazi yake ni kutafsiri sinema, yaani picha inakwenda na yeye anaongea juu yake kwa Kiswahili, polisi yeye, mama mzazi yeye, mbwa yeye. Zamani alitafsiri sinema ya mdoli muuaji ikampa jina mtaa mzima, na sasa wenyewe wameitengeneza upya. Mdoli wa zamani alikuwa na pepo na kisu. Huyu mpya hana pepo, ana intaneti, anasikia kila kinachosemwa nyumbani, anafunga milango, anawasha jiko, na kabla ya kumuua mtu anamwomba kwanza akubali masharti ya matumizi. Kiingereza chake kilimshinda mjomba, na kwa kuwa shuleni sisi tunasomeshwa kwa lugha zote mbili akanipa kazi ya kumwandikia maneno. Nikaandika kama yalivyo. Akasoma ukurasa mmoja akavua miwani.

"Mwanangu, nani ataogopa 'usasishaji umeshindikana'?"

"Ndivyo anavyosema, mjomba."

"Basi anasema vibaya. Mdoli anasikia mambo ya nyumba nzima, halafu hana hata siri moja ya kutoboa? Mpe maneno huyo."

Mshauri, nikampa. Mimi mdomoni sina maneno lakini masikioni ninayo tele, maana chumba changu na chao vimetenganishwa na ubao mwembamba, na mkaza mjomba, ambaye ni fundi cherehani, Jumapili mchana humsimulia mumewe mambo ya wiki. Kwa hiyo pale mdoli anapomfungia mama wa mtoto jikoni nikaandika: "Mimi nasikia yote. Unawaambia watu mishono inatoka kichwani mwako, kumbe mteja akileta gauni kuwekewa zipu unalifumua, unachukua vipimo, kisha unalishona tena kama lilivyokuwa." Yule mama kwenye sinema ni rubani. Hakuna aliyeuliza rubani anashona saa ngapi. Mjomba naye akiwa kazini hasikii anachokisoma, anahangaika tu midomo ya watu isimpite.

Sinema imependwa kuliko zote. Wavulana darasani wananiambia "mimi nasikia yote" bila kujua wanaongea na mwenye maneno, na nakiri nilienda chooni nikacheka peke yangu. Lakini mkaza mjomba ana televisheni dukani kwake, akaiweka sinema hiyo wateja waburudike wakisubiri nguo, na siku hiyo walikuwa watatu. Mmoja aliinuka akachukua gauni lake lenye zipu mbovu akasema, "Hili acha tu, nitalibana na pini."

Mkaza mjomba alirudi nyumbani, hata hakugomba. Alimwambia mjomba, "Nilikwambia wewe tu," akaifunga cherehani yake ya nyumbani kwa shuka, akaenda kwa mama yake, na hii ni wiki ya pili. Mjomba aliniuliza kama maneno ya zipu yamo kwenye Kiingereza cha sinema, nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu kichwa hakihitaji sauti. Akamfuata mkewe akamwapia kwamba ni mdoli aliyesema, kwa Kiingereza. Akajibiwa, "Na huyo mdoli, zipu zangu alizijulia wapi?"

Nikisema ukweli naogopa atanirudisha kwetu na shule yangu iko hapa. Nikinyamaza, ndoa yao inavunjika. Na sehemu ya pili imeshafika, mjomba anataka mdoli awe mkali zaidi.

Mwenye Haya, kidato cha tatu

Mwenye Haya,

Pole, lakini pole yangu ni fupi. Mwenye haya hushindwa kusema lake. Wewe umesema la mwenzio, kwa sauti ya mumewe, kwenye kila televisheni ya mtaa. Huo ni umbea uliokodi mdomo. Mkaza mjomba wako ana yake ya kujibu kwa wateja, lakini yeye hajaniandikia.

Leo hii, kabla mjomba hajaingia kurekodi, mwambie: yale maneno hayamo kwenye sinema, niliyasikia kupitia ubao wa chumbani, na nilipoitikia kwa kichwa nilikudanganya. Usimwandikie. Najua unaandika vizuri, ndiyo maana nakukataza. Shule usiifanye kisingizio. Mjomba aliyepoteza mke kwa sababu yako ana haki ya kujua. Kitanda nacho kihamishie ukuta wa pili.

Jumamosi nendeni wote wawili huko kwa mama yake mkaza mjomba, ila uingie wewe kwanza. Mwamkie mama mwenye nyumba, kisha sema. Sauti ikitetemeka iache itetemeke. Usilie kabla hujamaliza, kwa maana anayelia hubembelezwa, na neno likabaki tumboni. Usimwombe arudi, hiyo ni kazi ya mumewe. Kazi yako ni moja: ajue kwamba siri yake mumewe aliitunza.

Huenda akakufukuza. Vumilia. Huenda akakutazama tu, asiseme kitu, nalo hilo ni gumu zaidi. Vumilia vilevile. Arudi au asirudi, aamue akimjua aliyemkosea.