Jina Letu Kwenye Vibao vya Watu

Jumatatu, 4 Machi

Baba amerudi kutoka kliniki ya macho amefura. Alivua viatu kwa kishindo, kimoja kikaingia chini ya kabati, akakiacha hukohuko. Baadaye ndipo alipolitoa la moyoni: muuguzi aliita jina letu la ukoo, yeye akanyanyuka — na bwana mmoja mnene akanyanyuka, na mama mwenye mtoto mgongoni akanyanyuka. Watu watatu! Kwa jina letu!

Huyu ndiye Baba anayejigamba kwamba shule nzima alikuwa peke yake mwenye jina hilo. Aliyezaa mabinti watupu, na kila tukikaa kula anatukumbusha kwamba jina litazikwa naye. Nikacheka. Kosa kubwa. Alinitazama mpaka nikaenda kuosha vyombo visafi.

Jumatano, 6 Machi

Baba mpelelezi! Yule bwana mnene alimwambia kuwa mama yake ni fundi nguo nyuma ya soko. Leo Baba kaenda. Kibao cha kwanza: jina letu. Akavuka barabara: jina letu tena, kwa rangi nyekundu, chini yake "Suti na Sare". Akarudi nyumbani, akasimama mlangoni kwenye chumba cha cherehani cha Mama. "Mama watoto, umeligawa jina langu kama njugu?"

Mama alikuwa na pini mdomoni. Alimaliza kwanza kupinda suruali. "Sikuligawa, baba watoto. Wamelifanyia kazi."

Ni kweli, mimi nimekulia chini ya meza yake ya kushonea. Mwanafunzi wa Mama hapewi cheti. Siku ya mwisho anapewa nguo iliyokwisha kushonwa, anaifumua yote, anaishona upya. Mwenye nguo akiivaa asijue kama iliguswa, basi amefaulu. Mama anamwambia, nenda katundike kibao, andika jina letu. Wateja wanamwita kwa jina hilo, watoto wanaandikishwa shule kwa jina hilo, na sasa hao watoto nao wana watoto. Baba hakujua lolote! Alikuwa dereva wa malori, maisha yote yuko njiani.

Na Mama hakuzaliwa na jina hilo. Aliolewa nalo tu, na ndiye aliyeujaza mji. Mama yangu huyu! Namvulia kofia.

Ijumaa, 8 Machi

Baba ametangaza: imetosha, hapewi mtu tena. Na zamu yenyewe ni ya Redio, maskini.

Redio — tunamwita hivyo kwa sababu hazimiki — amenizidi umri kwa mbali. Alikuja kujifunza baada ya mumewe kumkimbia na kumwachia watoto watatu. Bado anatumia jina la huyo mwanamume. "Nikitundika kibao kwa jina lake," aliniambia, "si nitakuwa namfungulia duka yeye kila asubuhi?" Baada ya hapo hakusema neno mpaka jioni. Redio, kimya! Roho iliniuma.

Jumapili, 10 Machi

Baba na Mama hawasemeshani. "Mwambie baba yako chumvi iko mbele yake." Yuko hapohapo mezani! Nimechoka kuwa posta.

Alhamisi, 14 Machi

Bwana mnene amekuja na mama yake. Kumbe huyo mama ndiye mwanafunzi wa kwanza kabisa wa Mama, nywele nyeupe zote. Hakulalamika, hakubembeleza. Alimwambia tu Baba: shemeji, mtu akisikia jina hili hageuzi nguo kukagua mshono wa ndani, na sisi hatujalitia doa hata siku moja.

Baba alinyanyuka akammiminia chai mwenyewe. Baba! Ambaye huita mtu kutoka chumba cha pili aje kumsogezea kikombe.

Walipoondoka akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, wako wangapi. Sijui. Mama naye hajui, hajawahi kuwahesabu. Nimezidi kumpenda.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika nikiwa kwenye kiti cha wateja. Siwezi kungoja.

Asubuhi Mama alimwandalia Redio gauni langu la kufumua. Alisema Baba akinuna na anune. Redio hajaligusa, Baba akaingia amevaa koti la harusi yake! Lile aliloshonewa na Mama wakiwa wachumba, ambalo hataki hata mtu mwingine alipige pasi. Akalivua, akaliweka mezani.

"Fumua hili."

Mama alishtuka. Baba watoto, hilo si la kufanyia mtihani! Baba akakaa na shati lake, mgongo wima. "Jina langu, basi na koti liwe langu."

Machozi yalinitoka, sioni haya kuyaandika.

Mikono ya koti imeshatoka. Redio anakata uzi mmoja mmoja, jasho linamtiririka. Baba hataki chai, hataki kuondoka. Sasa hivi bitana imefunguka, na ndani, begani, kuna mshono umepinda. Umepinda vibaya! Wa Mama!

Mama amefunika uso kwa kanga yake, anacheka. "Nilikuwa na haraka ya kuolewa."

Baba amelivaa miaka yote hiyo asijue.

Redio hamwangalii Mama. Anamwangalia Baba. "Baba, niunyooshe, au niurudishe vilevile?"

Baba amelivuta koti karibu, kidole chake kiko juu ya ule mshono, anaupapasa kwenda na kurudi, anatabasamu. "Vilevile."