Siku Tuliyorusha Ndege ya Asumani

Salamabila, mvua inanyesha

Mama yangu,

Nabisha hodi kwako kwa karatasi hii. Natumaini imekukuta uko muzima, magoti hayakusumbui sana kwa baridi ya mvua, na mihogo ya ng'ambo ya kijito nguruwe pori wameiacha. Mimi mwili ni muzima. Zaina dada yangu, wewe unayemusomea, soma polepole. Akisema rudia, rudia. Akinyamaza, na wewe unyamaze kwanza.

Mama, usiseme nimekusahau. Simu hapa inashika ukipanda kilima tu, na huko juu watu wamesimama bega kwa bega, kila mutu anapiga kelele sikioni mwa mwenzake. Kila nilipokupata uliniuliza neno moja: "Sadiki, umemuona?" Nikashindwa kukujibu mbele ya watu. Leo nakujibu.

Siku ile natoka Kasongo ulinishika mukono mulangoni ukasema: "Mimi siketi matanga ya mutu ambaye sijaona kaburi yake. Wanasema mulima umemufunika. Ni midomo ya watu hiyo. Wende umutafute kaka yako." Nilisafiri na neno hilo nyuma ya moto, ile pikipiki ya shemeji, na pahali pengi sisi ndio tuliibeba moto, haikutubeba.

Nilipoingia Salamabila, mama mumoja alikuwa anakaanga mikate kando ya barabara. Aliinua macho akaniona, na kijiko kikamutoka kikaingia mu mafuta. "Pilote," akasema, kwa sauti ndogo sana. Akainuka, akaingia nyumbani kwake, akafunga mulango. Mikate ikabaki inaungua. Niliiepua mimi.

Mbele kidogo kijana wa moto akasimama, akanitazama toka miguu mpaka kichwa.

"We, uko mutu?"

"Niko mutu. Mimi ni Sadiki, natoka Kasongo."

"Haiwezekani. Wewe mulima ulikufunika."

Kasongo hakuna aliyewahi kusema tunafanana. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema Asumani alichukua sura ya baba, mimi nikachukua ya wajomba. Lakini hapa, ambapo Asumani walimuita Pilote, murusha ndege, walikuwa wanamujua mutu mwenye matope usoni, na mimi nilifika na matope usoni. Nilipowaambia kuwa ni mudogo wake, walinipeleka kwa Papa Kalonda, fundi wa kuchomelea vyuma. Aliponiona aliketi chini kwenye udongo, muzee muzima, akaficha uso ndani ya kofia. Juu yake, kwenye boriti, ilikuwa imetundikwa ndege ya manjano, mabawa yamenyooka. Nikajua ni kazi ya mukono gani kabla sijaambiwa.

Unakumbuka namna Asumani alivyokuwa anamaliza fagio zako kwa kutengeneza ndege, na wewe unamufukuza mpaka kisimani. Hapa hakuacha. Siku za kazi alichimba dhahabu kama wengine, lakini yeye na Papa Kalonda ndio waliounda klabu ya ndege ndogo. Zinaruka kweli, Mama. Mifupa yake ni ya mwanzi, mabawa ni ile povu nyeupe inayofunika televizyo ndani ya karatoni, na juu yake wanashona kitambaa cha miavuli ya zamani. Ndani kuna moteri ndogo na batri. Wewe unasimama chini na telekomande mukononi, kisanduku chenye vijiti viwili: kimoja kinaipandisha na kuishusha, kingine kinaigeuza. Kila siku ya Mungu, wakristo wakitoka misa na sisi tukimaliza adhuhuri, klabu inakutana kwenye tereni ya mupira. Ambaye ndege yake imekaa juu sana kisha ikarudi chini kwa magurudumu yake bila kuvunjika, huyo wanamusindikiza kwa nyimbo mpaka kwake.

Lakini kwanza mutu mumoja anazunguka kartie zote, mitaa yote, na parlo mudomoni, kile kipaza sauti: "Ndege ya leo ni ya klabu! Haina bomu! Musikimbie!" Maana huku watu wameona mengi, na kitu kinacholia mu anga hawakipendi. Hata hivyo hakukosi bibi mumoja aliyefunga furushi lake na kushika njia ya pori. Wanachama wanaenda kumurudisha, wanamuketisha kivulini, wanamuonyesha ile ndege, anaishika. Ndipo wanarusha. Desturi hiyo Asumani ndiye aliyeiweka.

Sasa nisikie vizuri, Mama. Walisema kweli. Mvua ilinyesha wiki nzima, na asubuhi mulima ukateremuka juu ya shimo walilokuwemo, yeye na wenzake. Watu walichimba kwa makoleo, kwa masufuria, kwa mikono. Mulima ukateremuka tena. Chefu, mukubwa wa pale, akakataza kuchimba, asije akaongeza wafu. Hakuna mutu aliyetolewa. Na kwa kuwa hakuna maiti, wamama wa hapa walifanya kama wewe: hawakuketi matanga. Wanapika, wanapakua sahani ya mutoto, wanaifunika.

Nilibaki. Papa Kalonda alinipa pa kulala nyuma ya atelie yake ya vyuma na kunifundisha kuchomelea. Malaria ilinishika vibaya, nikapona. Kilichonisumbua zaidi ni maneno ya watu. Walikuwa wanasema kwamba alasiri, mvua ikikatika, moteri ya ndege ya Asumani inasikika juu ya mulima ule, na ndege yenyewe imetundikwa pale kwenye boriti. Nilimuuliza Papa Kalonda kama ni kweli.

"Sitakudanganya," akasema. "Mimi ndiye niliyefunga ile moteri. Inakohoa kidogo ikigeuka kushoto. Hata juu ya ule mulima inakohoa."

Nilicheka, Mama. Kisha alasiri moja nilikuwa napanda toka mutoni na beseni ya nguo, wamama wawili mbele yangu. Walisimama gafula. Na mimi nikasimama. Sauti ilikuwa juu yetu, nyembamba kama ya nyuki ndani ya chupa. Ilikuja, ikakohoa, ikageuka, ikaenda. Sisi wote tulikuwa tunatazama pahali pamoja pa mbingu, na hapakuwa na kitu. Mumoja wa wale wamama akaniambia bila kugeuza kichwa: "Kaka yako hajapata pa kutua."

Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nikamuomba Papa Kalonda anifundishe kurusha. Nilivunja mabawa mengi, na aliyekuwa anayashona upya ni Feza, binti anayetoka Lusangi, mushonaji wa klabu. Miezi mingi hakunitazama usoni hata mara moja. Nilikuwa namupa bawa, analipokea akitazama mikono yangu. Baadaye Papa Kalonda akaniambia sababu: alikuwa muchumba wa Asumani. Alikuwa anangoja mvua ziishe aje naye Kasongo, umuone. Ndiyo, Mama, ni mukristo, wa watu wa mashamba. Asumani alikuwa anatafuta namna ya kukuambia.

Klabu ilipokutana kusema juu ya ndege ya manjano, wengine walitaka ichomwe. Wengine walisema iachwe palepale. Feza hakuwa anasema kwenye mikutano, lakini siku ile alisimama.

"Munaiogopa ndege juu ya nini? Yeye hakuwahi kumutisha mutu. Kama ni kurusha, arushe wa damu yake. Mimi nitashona."

Siku yenyewe parlo ilizunguka kama desturi, lakini safari hii hakuna aliyekimbia. Walikuja wote, hata yule mama wa mikate. Nilikamata telekomande. Papa Kalonda akaitupa mbele, ikapanda. Ilipanda vizuri, Mama! Ilizunguka tereni mara ya kwanza, mara ya pili, watu wakaanza kupiga makofi.

Kisha ikageuka yenyewe. Nilisukuma kijiti, haikusikia. Nikasukuma kingine.

"Papa, hainisikii!"

"Rudisha kulia!"

"Nimerudisha! Hainisikii!"

Ilitambaa na anga mpaka juu ya mulima ule, juu ya kile kidonda chekundu cha udongo, ikaanza kuzunguka kwa kushoto. Ikakohoa. Ilikuwa ni sauti ileile, na safari hii tuliiona inakotoka. Mimi nimesimama na kisanduku mukononi ambacho hakina kazi tena, nikasikia nyuma yangu mama wa mikate anaita, "Bahati! Bahati wangu!" Ni jina la mutoto wake. Mama mwingine akaita la kwake. Kisha wote, Mama, kila mumoja na jina lake, wanaliitia ule mulima, kilio kilichokuwa kimefungwa tangu ile mvua. Na mimi nikaita. Niliita "Yaya Asumani," namna nilivyokuwa namuita kaka yangu tangu utoto, mpaka sauti ikakatika.

Batri ikaisha. Moteri ikazimika, ndege ikashuka kimyakimya nyuma ya miti.

Tuliifuata wote kwa miguu, pahali ambapo watu hawakuthubutu kukanyaga. Tuliikuta mu majani kando ya ule udongo, bawa moja limevunjika. Papa Kalonda akaifungua palepale. "Waya imechomoka," akasema. "Ndiyo sababu haikukusikia." Lakini hakuifunga tena, akaiweka chini wazi kama ilivyo. Kisha mwalimu wa musikiti akatupanga safu, tukawasalia pale, sala ya maiti wasioonekana. Katekista naye akawaombea wa kwake. Tulipanga mawe. Jiwe la Asumani nililibeba mimi toka mutoni, ni jeusi, na linaelekea kibla.

Kwa hiyo kaburi iko, Mama. Nimeiona kwa macho yako. Wengine wanasema sauti haisikiki tena. Mimi bado naisikia siku moja moja, lakini siinui kichwa tena. Nakuomba uketi matanga. Muambie mujomba asome hitima, na sahani ya Asumani uwape majirani.

Nisalimie mujomba wetu mukubwa, shangazi wa sokoni anayeuza mawese, na mume wa Zaina. Muambie shemeji moto yake ilinifikisha salama. Watoto wa Zaina wabusu kwa niaba yangu.

Neno la mwisho ni lako, Zaina. Aliyekupa barua hii mulangoni na kukataa kuingia ndiye Feza. Hawakufunga ndoa, kwa hiyo huku hakuna aliyemupa mukeka wa kulilia kama mujane. Aliniambia, "Nitangoja nje mpaka barua isomwe. Mama akikataa kunipokea, nitarudi na moto ileile." Hajala tangu njiani, namujua. Acha karatasi, wende umuite.

Ni mimi mutoto wako,
Sadiki