Mkono wa Pili Kwenye Mkate wa Mtakatifu Nikola

Jumapili, 30 Novemba 2025

Relja wangu anapenda! Anapenda na anapendwa! Kaniambia mwenyewe asubuhi, mimi nachambua maharage, uso umemwiva mpaka masikio. Ni Staniša, yule fundi baiskeli, mrefu, mpole. Nilipiga vigelegele paka akatoka mbio. "Mama, majirani!" – Waache wasikie!

Mwanangu huyu! Nilipomzaa tulidhani binti, tukamwita jina la binti miaka kumi na sita. Sasa ana sauti nzito na vindevu kidevuni, anavinyoa kila asubuhi kama askari. Serbia nzima nani ana kijana kama wangu? Hakuna. Marehemu baba yake alichelewa kuelewa, lakini alielewa. Kitandani alisema: mshumaa wa Mtakatifu Nikola, mtakatifu wa nyumba yetu, utawashwa na Relja. Yaani yeye ndiye mwenye nyumba. Tena alisema mbele ya kaka yake!

Jumanne, 2 Desemba

Staniša kala kwetu. Sahani mbili za kabichi! Relja ana ombi: siku ya Nikola, Ijumaa tarehe 19, mkate hukatwa na kuzungushwa na wawili, mwenye nyumba na mwingine anayeushika upande wa pili. Baba hayupo. Anataka Staniša ashike.

"Watu wakiuliza?" nikasema.

"Wataambiwa mimi rafiki," akajibu Staniša. "Rafiki ana ukoma?"

Wakacheka, wakatazamana. Mimi nikajitia kutafuta chumvi, na chumvi iko mbele yangu. Kwa kina Staniša hawajui kitu. Baba yake, Gvozden, dereva wa lori, si mtu wa utani.

Alhamisi, 4 Desemba

Leo nimefanya jambo la maana. Nimevaa koti la kijivu, nimebeba kahawa, nimekwenda kwa kina Staniša. Nikawaambia: siku ya Nikola njooni wote, na kijana wenu ana nafasi yake mezani kwangu. Jagoda, mkewe Gvozden, akanimiminia juisi. Gvozden akaitazama kahawa yangu. Mwishowe akauliza, tangu lini watu hualikwa siku ya mtakatifu wa nyumba, mama Radojka?

Ni kweli, watu hawaalikwi. Mlango huachwa wazi, anayekukumbuka huja. Anayefuatwa mpaka kwake ni mkwe mpya tu. Lakini nilifurahi mno, na ulimi hauna mfupa. Nikamjibu, wageni wengine hustahili kufuatwa. Nimerudi naimba.

Jumamosi, 6 Desemba

Staniša kapelekwa. Austria, kwa ami yake, kubeba matofali. Gvozden alimuuliza: kwa nini yule mama anatualika kama wakwe? Na Staniša hajui kudanganya. Alfajiri akapakiwa kwenye lori. Simu imezimwa. Kabla haijazimwa kaandika neno moja kwa Relja: usinitafute.

"Mama, ulikwenda kwao?"

Nilikwenda.

"Nani alikutuma?"

Hakuna, mwanangu.

Hakunifokea. Heri angenifokea.

Jumatano, 10 Desemba

Relja hali chakula. Hanyoi. Amegeukia ukuta. Nimempikia supu, imepoa. Nimeipasha, imepoa tena.

Shemeji Miloje, kaka wa marehemu, kapiga simu. Amesikia. Mji huu! Anasema picha ya mtakatifu, pamoja na siku yake, ihamie kwake, kwenye mwanamume. Nikamwambia, mwanamume yuko chumba cha pili analia, na kilio chake kina uanaume kuliko kicheko chako wewe. Nikamkatia.

Kugeuka, Relja yuko mlangoni.

"Mpe, mama. Mpe hiyo picha. Mimi simzungushii mtu mkate."

Nilikaa sakafuni jikoni. Sikumbuki nilikaa mpaka lini.

Jumatatu, 15 Desemba

Nilikuwa kwa muuza samaki. Jagoda akasimama kando yangu kama hanijui, macho kwenye tangi. Akauliza chinichini, mkate mnakata saa ngapi?

Saa sita mchana, nikasema.

Akasema basi la kutoka Austria huingia asubuhi. Halafu kwa sauti kubwa: "Nipimie yule mnene, na usinipunje!" Akalipa, akaondoka bila kunitazama.

Amempigia mwanawe? Amemtumia nauli? Au ni mama tu, anajisemea, kama mimi?

Nimwambie Relja? Nikimwambia ataoga, atanyoa, atasimama kizingitini tangu mapambazuko. Na basi likija tupu? Nilishamvunja mara moja kwa mdomo huu huu. Lakini nisipomwambia, atawafungia mlango hata watakaokuja!

Samaki wangu wa siku ya Nikola nimemwachia kwenye hodhi la kuogea, yu hai, anarusha maji. Relja ametoka chumbani kutazama. Mara ya kwanza leo. Mashavu yameingia ndani.

"Mama, samaki mkubwa hivi wa nini? Nani anakuja?"

Nilijifuta mikono kwenye aproni.

"Wote, mwanangu," nikasema. "Wote wanakuja Ijumaa."