Kanuni Niliyoiandika Itanifichua

Mpendwa mshauri, naomba unisome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, kwani barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, na sasa nimebakiwa na wiki mbili tu. Mimi ni mwanamume wa miaka arubaini na sita, mkaazi wa Likoni upande wa Shika Adabu, nina mke na watoto wanne, na ni mhasibu katika kiwanda kimoja cha magunia huko Changamwe ambacho sitakitaja. Niliingia pale mwaka wa 1975 nikiwa karani wa stoo, nikasoma uhasibu jioni baada ya kazi, nikafaulu mitihani yote ingawa mmoja niliurudia mara tatu, na leo hakuna karatasi ya fedha inayotoka pale bila saini yangu.

Ili unielewe, lazima nikueleze desturi moja ya pale kwetu. Zamani mtu alipoandikwa kazi, karani wa langoni alimjazia fomu ya mfuko wa pensheni, na mahali pa kuandika nani alipwe mwenye fomu akifa, karani aliandika jina la yule aliyemleta mtu huyo kazini, kwa sababu ndiye aliyekuwa amesimama pale pale, na ndiye ambaye angeulizwa mgeni wake akiiba au akitoroka. Vijana wenyewe walikuwa hawajaoa na kufa hawakukufikiria, wakatia kidole gumba wakaenda zao kubeba marobota. Baadaye wakaoa, wakazaa, na fomu ikabaki vile vile.

Mwaka wa 1979 nilimleta mdogo wangu, Rama. Karani akaandika jina langu.

Rama alifariki mwaka wa 1994 kwa ugonjwa wa ini, akaacha mke, Mwanatatu, na watoto watatu, wa kiume wawili na wa kike mmoja, mkubwa wao akiwa darasa la tano, na baada ya arubaini nikaitwa kwa meneja nikakabidhiwa hundi ya shilingi laki moja na themanini na sita elfu, jina langu, halali kwa karatasi, na wallahi nia yangu siku ile ilikuwa kuwashikia wale watoto mpaka wakue, ndiyo maana sikumwambia mtu ila mke wangu, nikichelea jamaa wasije wakazimaliza kwa kukopa, kisha kikatokea kiwanja cha kuuzwa, nikasema heri nijenge, nyumba haiibiwi, itakuwa ya watoto wa Rama, lakini karatasi zikatoka kwa jina langu, tukahamia kwa muda, vyumba viwili tunakaa sisi na vinne tumepangisha, na muda wenyewe umefika mwaka wa nne.

Mwanatatu anaishi Timbwani katika chumba kimoja cha kupanga, anauza mahamri na mbaazi asubuhi. Alipotoka eda alikuja kwangu na mtoto mgongoni akaniambia, "Shemegi, nakuuliza kwa heshima, kazini kwa Rama hakukubaki kitu cha hawa watoto?" Nikamjibu, "Walitoa sanda na gharama za hitima, basi." Akasema, "Alhamdulillahi. Mungu akuzidishie wewe unayetusimamia." Kila Idd nawapelekea nguo, naye huwakusanya wanawe aniombee dua mbele yao, na mimi hutazama miguu yangu mpaka amalize.

Sasa serikali imepitisha sheria mpya ya mafao ya uzeeni, na kiwanda kinatakiwa kuutenga mfuko ule uwe chini ya wadhamini, baadhi yao wawe wa kuchaguliwa na wafanyakazi wenyewe. Wafanyakazi wakanichagua mimi, kwa kuinua mikono, wakisema ndimi ninayeweza kuzisoma hesabu nikawaeleza kwa lugha yao, na wadhamini wenzangu wakanipa kazi ya kuandika rasimu ya kanuni. Siku hizo hizo akaja mjane wa Wafula, mpakiaji wetu aliyekufa mwezi wa Novemba, kufungua faili tukakuta jina la nyapara aliyestaafu zamani, na huyo nyapara alikuwa keshafika kudai. Nilikasirika, mshauri, nilikasirika kikweli kweli, nikakaa nikaandika kipengele kwamba fomu zote za zamani zikome, kila mwanachama ajaze upya kila mwaka mbele ya shahidi, na mtu akifa wadhamini wachunguze ni nani aliyekuwa akimtegemea kabla hundi haijaandikwa.

Kila mtu alikisifu. Ndipo Mzee Charo, fundi wa mitambo na mdhamini mwenzangu, akasema kwa ule upole wake, "Kanuni ni njema, mwanangu. Basi natuangalie na waliokufa miaka kumi nyuma, tujue nani alilipwa." Wote wakaitikia. Mimi nilikuwa nimejisahau kabisa wakati naandika, au nilijifanya nimesahau, hata sijui.

Ninayo hoja ya kumzuia, na ni hoja ya kihasibu ya haki: kufungua mafaili ya nyuma kunaweza kuleta madai ambayo mfuko hautayamudu, wakaumia wazee wanaokaribia kustaafu. Nikiisema watanikubalia, kwa sababu ni mimi niliyesema. Mke wangu anataka nijiuzulu udhamini nisingizie afya, tunyamaze. Ananiuliza, "Ukiitoa nyumba hii tutakwenda kulala wapi na watoto wanne?" Mkutano wa kupitisha kanuni ni Jumamosi baada ya hii inayokuja. Nimekwisha kuamua kufanya la haki, hilo nakuapia, lakini sijui pa kuanzia, na naogopa nikijitaja kanuni yenyewe itakufa pamoja na jina langu na mjane wa Wafula atakosa. Nielekeze.

Mhasibu, Likoni

*

Bi Alawiya anajibu:

Mhasibu wa Likoni, barua yako nimeitanguliza mbele ya za wenzako kwa sababu ya tarehe ya mkutano. Mficha uchi hazai, na wewe umejifunua, kwa hilo nakushukuru. Shukrani ni hiyo moja, usitafute nyingine humu.

Tuanze na hili neno lako, kwa muda. Kupokea kodi ya vyumba vinne mwaka wa nne huu hakuitwi muda, baba. Na kodi hiyo, Mwanatatu amepata shilingi ngapi? Hukuandika. Umenitajia hundi mpaka elfu ya mwisho, umenitajia mtihani uliourudia, lakini safu ya kodi umeiacha wazi, na mimi sijawahi kuona mhasibu akisahau safu yenye kitu ndani yake. Umempelekea nguo za Idd. Zilinunuliwa kwa pesa ya nani?

Unasema hundi ilikuwa halali kwa karatasi. Karatasi iliandikwa na karani wa langoni asiyemjua Rama wala mamake. Wewe ulimjua. Unajua pia kwamba mtu akiacha mtoto wa kiume, nduguye harithi hata kijiko, na elimu hiyo hukuhitaji kuisomea jioni, uliipata chuo cha Kurani ukiwa na miaka minane. Mwanatatu alikuuliza kwa heshima ukamjibu kwa uongo, tena uongo wa sanda. Hilo limeniuma mimi nisiyewajua, na sitalizungushia maneno.

Lakini nimesoma pia ulivyokasirika kwa ajili ya mjane wa Wafula. Hasira ile ilikuwa ya kweli, na kipengele ulichokiandika ni kizuri kuliko wewe ulivyo hivi sasa. Basi mimi nasema na yule aliyekiandika.

Nenda kwa Mwanatatu wiki hii, kabla ya mkutano, mchana, na mkeo pembeni yako. Usitume mzee wala usiite kikao cha jamaa, watakuja kukupunguzia maneno na kumpunguzia haki. Kaa chini umtajie ile laki moja na themanini na sita elfu kwa mdomo wako, umwambie ilitoka lini na ilikwenda wapi. Umpe na daftari la kodi ya vyumba tangu mpangaji wa kwanza, kwa mwandiko safi, maana hiyo ndiyo kazi unayoijua. Radhi usiombe siku hiyo. Ukiomba radhi kabla ya kulipa unamtwika mzigo wa pili, wa kukutuliza wewe. Akilia, nyamaza. Akikufukuza, toka, urudi na mwanasheria.

Kwa nyumba, nendeni ofisi ya kadhi pamoja mkaulize haki ya mjane na haki ya kila mtoto, kisha karatasi za nyumba zibadilishwe kwa majina yao. Kodi ya mwezi huu ipokewe na Mwanatatu, usingoje mwanasheria amalize. Vyumba viwili mnavyokaa nyinyi, mlipe kodi kama mpangaji mwingine yeyote au mhame. Ulikuwa unaishi wapi kabla ya 1994? Watu walikuwa wakilala huko. Kodi uliyokwisha kuila utailipa kidogo kidogo kutoka mshahara wako. Dawa ya deni ni kulipa, hata likichukua miaka sita.

Sasa mkutano. Ile hoja yako ya mfuko kutomudu inaweza kuwa kweli, na huenda Mzee Charo hajaipima. Hata hivyo wewe huna ruhusa ya kuisema. Mwenye mbuzi haketi kuamua kesi ya mbuzi wake aliyeingia shambani. Iandike, na tarakimu zake zote, umpe mkaguzi wa hesabu wa nje, aipime na kuisoma yeye. Kabla agenda haijaanza, simama useme: fomu ya ndugu yangu ilikuwa na jina langu, nililipwa kiasi hiki, na nimeanza kurudisha. Kisha utoke nje wakati wanajadili mafaili ya nyuma na kupiga kura, na kumbukumbu za mkutano ziandikwe kwamba ulitoka, na sababu iandikwe vile vile.

Kujiuzulu kwa kisingizio cha afya kusikuguse. Huko ni kuondoka na ufunguo mfukoni ukawaacha wenzako wakihangaika na mlango. Sema lako, halafu uwaachie wao waamue kama bado wanakutaka. Wakikutoa, toka bila kununa, uwakabidhi rasimu iliyokamilika. Meneja akitaka kukuuliza zaidi, mjibu, yaliyopo yapo.

Unaogopa kanuni itakufa pamoja na jina lako. Itakufa ikiwa ni Mzee Charo atakayelikuta jina lako kwenye faili, kwa sababu hapo watu watasema kanuni zote hizi ziliandikwa na mla mali ya mayatima, wazitupe. Lakini wewe ukilionyesha tundu kwa kidole chako mwenyewe, nani atakayesema tundu halipo? Nyinyi wenye kujua hesabu ndio mnaotuandikia sisi wengine tutakula nini uzeeni na watoto wetu watakula nini tukiondoka. Muuza mahamri wa Timbwani hataisoma rasimu yako maisha yake yote. Alikuwa akikutegemea wewe uisome kwa niaba yake, na wale walioinua mikono wanakutegemea vivyo hivyo. Kaza moyo ufanye kazi waliyokupa.

Nimebakiwa na moja. Uliingia kiwandani mwaka wa 1975, kijana hujaoa, nawe pia ulisimama langoni na mtu aliyekuleta. Barua yote hii hukuniambia fomu yako wewe ina jina la nani. Jumatatu asubuhi, kabla hujagusa kazi nyingine yoyote, toa faili lako, piga nakala, uipeleke nyumbani umpe mkeo aisome. Akishalisoma jina la huyo mwanamume, hutahitaji kumshawishi. Atajifunga buibui mwenyewe, mwende Timbwani.