Posa ya Dereva wa Gari la Vyoo

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Huku wazima wote, alhamdulillahi, hata bibi siku hizi anakula bila kubembelezwa. Kifua chako kinaendeleaje?

Baba, nimeletewa posa. Mtu mwenyewe unamjua: dereva wa gari la kunyonya vyoo, yule anayesalisha msikitini imamu akisafiri. Baba mdogo amempokea vizuri, lakini anasema neno la mwisho ni lako. Mimi nimeridhika naye. Nijibu upesi, maana hata kushona siwezi. Jana nimeshona mkono wa gauni la watu kinyumenyume.

Mwanao

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimepoa, dawa nakunywa. Nimefurahi bibi yako anakula.

Kijana huyo simchukii. Lakini watu wana midomo, na shangazi zako watafika harusini wameziba pua. Atafute kazi nyingine, hata kuuza dukani kwa mtu, ndipo arudi tuzungumze.

Baba yako

14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Wote salama, ila mimi sikaliki, naingia natoka.

Nilimfikishia maneno yako. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniuliza tu, "Nikiiacha, atakayeushika ule mpira wa kunyonyea baada yangu, yeye aoe kwa nani?"

Ramadhani ile uliyokuwa hapa ulisali nyuma yake mwezi mzima. Mchana alikuwa vyooni, na ulijua. Kama ipo sababu ya dini ya kumkataa, niandikie, nitanyamaza. Kama ni shangazi, Baba, shangazi haolewi yeye. Mama yake kijana amempa mpaka mwisho wa Juni, kisha atamtafutia mke kwingine.

Mwanao

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua yako haijafika. Unaumwa, au umenikasirikia? Liwe lolote, niambie. Bibi anasema nitulie, siwezi.

Mwanao

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Muda wote huu nilikuwa natafuta sababu. Nilimwendea shehe wa huku, nikamweleza yote isipokuwa kazi. Akasema, muozeshe. Nilipoitaja kazi, akauliza kama pato lake ni la halali. Nikasema ni la halali. Akangoja niseme na lingine, sikuwa nalo.

Dini haina neno juu yake. Aibu ni yangu, nikataka kukutwisha wewe. Nisamehe, mwanangu.

Nimemwandikia baba yako mdogo awe wakili wangu, akuozeshe kabla ya mwisho wa mwezi. Sisemi nimetulia nikiwakumbuka shangazi zako. Lakini huyo kijana asiache kazi kwa ajili yangu. Na siku ya ndoa, akiulizwa anafanya kazi gani, aitaje kwa sauti, na baba yako mdogo asijikohoze.

Baba yako